Kikwapa, Shabu na Mizizi ya Msandali

Mbololo ina tabia mbili. Huko juu mlimani, karibu na msitu na mashamba ya Ronge, asubuhi unavaa sweta na ukungu hauna haraka ya kuondoka. Ukishuka chini upande wa Voi, saa nne tu shati limeshashikana na mgongo. Sisi tunaopanda na kushuka na matatu, tumebanana wanne kwenye kiti cha watatu, hatuwezi kujifanya hatujui jasho. Kiswahili nacho hakijifanyi. Harufu ya kwapa ina jina lake, kikwapa, na jasho lililochacha mwilini lina kutuzi. Maneno haya hayakuletwa na tangazo la redio.

Mwaka huu nimeacha kizuia jasho cha dukani, kile cha chupa yenye kijimpira mdomoni, na kuhamia vitu vinavyoitwa vya asili. Kabla ya kuhama nilitaka kujua ninachokiacha kilitoka wapi, na ninachokifuata kimetoka wapi. Maswali hayo mawili yamenipeleka mbali, halafu yakanirudisha hapa hapa kwetu.

Tuanze na chupa. Mwaka 1888, katika mji wa Philadelphia, Marekani, ilianza kuuzwa krimu iliyoitwa Mum. Ilipakwa kwa kidole na kazi yake ilikuwa kupunguza harufu tu. Mwaka 1903 ikaja Everdry, nayo ilikuwa na chumvi ya alumini ya kuzuia jasho lenyewe. Tofauti hiyo ipo mpaka leo. Diodoranti hushughulika na harufu, kizuia jasho hufunga mlango. Chumvi ya alumini huyeyuka ndani ya jasho, ikawa kama utelezi mzito, ikaziba vitundu vya ngozi kwa muda.

Dawa hizo za mwanzo zilikuwa kali. Nyingine ziliwasha ngozi na kula nguo. Tatizo kubwa zaidi la wauzaji lilikuwa kwamba watu hawakuona haja. Waliosha makwapa kwa maji, wakajipaka manukato, basi. Kampuni ya Odorono, iliyoanzishwa na binti mmoja, Edna Murphey, kwa dawa ambayo babake daktari aliitengeneza ili mikono isitoe jasho wakati wa upasuaji, ilibidi itafute njia nyingine. Mwaka 1919 mtunzi wa matangazo James Young aliandika tangazo kwenye jarida la wanawake la Ladies' Home Journal. Kwa ufupi, lilimwambia mwanamke kwamba huenda ananuka na hajui, na watu wanaomjua hawatamwambia. Wasomaji wapatao 200 walikasirika wakaacha kununua jarida hilo. Lakini mwaka uliofuata mauzo ya Odorono yalikuwa zaidi ya mara mbili. Aibu ilikuwa imepata bei.

Aibu hiyo ilikuja Afrika na sura nyingine. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ilipita Voi. Baada ya reli yakaja mashamba ya mkonge, mishahara, na maduka yenye sabuni za kukunjwa kwa karatasi. Mwanahistoria Timothy Burke, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu Zimbabwe, ameonyesha jinsi Lifebuoy ilivyouzwa kama sabuni ya mwanamume mfanyakazi, na Lux kama sabuni ya mwanamke mrembo. Mzungu aliyemtumikisha mtu juani mchana kutwa ndiye huyo huyo aliyelalamika kwamba mtu huyo ananuka. Sabuni hizo mbili tunazijua vizuri pia huku Kenya. Usafi ni kitu chema, sina ugomvi nao. Ninachosema ni kwamba pamoja na sabuni tuliuziwa hukumu kuhusu miili yetu.

Na si kwamba watu wa huku walikuwa wakingoja kufundishwa. Pwani, ambako Voi imefanya nayo biashara tangu enzi za misafara, nguo zilifukizwa udi, asumini zikawekwa kwenye nywele, liwa ikasuguliwa juu ya jiwe kwa maji kidogo na kupakwa mwilini. Kulikuwa pia na shabu, jiwe jeupe linaloonekana kama barafu chafu. Vinyozi hulipitisha kwenye kidevu baada ya wembe, na wengi hulilowesha wakajipaka kwapani.

Hapo ndipo hadithi inapogeuka. Shabu ni chumvi ya alumini na potasi. Yaani lile jiwe la kina bibi, ambalo sasa linauzwa Ulaya kwa bei kubwa kama diodoranti ya asili, lina alumini kama chupa niliyoitupa. Muundo wake ni tofauti na haizibi vitundu kwa nguvu ile, lakini anayekimbia alumini akimbilie kwingine.

Na kwa nini watu wanaikimbia? Kwenye chama chetu cha akina mama utasikia, "Wee, acha hiyo kitu, inaleta saratani ya matiti." Hofu hii ilipata nguvu mwaka 2004, utafiti wa Uingereza ulipokuta kemikali za kuhifadhi vipodozi, ziitwazo parabeni, ndani ya sampuli 20 za uvimbe wa matiti. Lakini utafiti huo haukuonyesha kwamba parabeni ndizo zilizoleta uvimbe, wala kwamba zilitoka kwapani. Miaka miwili kabla, utafiti wa Marekani ulikuwa umelinganisha wanawake 813 wenye saratani ya matiti na 793 wasio nayo, na haukukuta uhusiano na dawa za kwapa. Kwa hiyo mimi sikuhama kwa woga. Nilihama kwa sababu ya shati jeupe linalogeuka njano kwapani, na kwa sababu nimechoka kuuziwa aibu.

Ila neno "asili" nalo lina historia yake, na sehemu yake imeandikwa kwenye vilima vya Taita Taveta. Vipodozi vingi vya asili hunukia mafuta ya msandali. Huku kwetu unaota msandali wa Afrika Mashariki, mti mdogo wa nchi kavu ambao mizizi yake hunyonya sehemu ya chakula kutoka mizizi ya majirani. Mafuta yake mengi yako kwenye mizizi na kiini cha shina, kwa hiyo anayeyataka hakati tawi, anang'oa mti mzima. Tena miti dume na miti jike iko mbalimbali. Ukimaliza ya aina moja, iliyobaki haizai.

Mwaka 2007, wakati wa Rais Mwai Kibaki, serikali ilipiga marufuku uvunaji wa msandali wa porini. Mwaka 2013 mkataba wa kimataifa wa CITES ukauweka kwenye orodha ya mimea ambayo biashara yake lazima idhibitiwe. Hata hivyo magendo hayakukoma, na kaunti yetu ni moja ya zilizotajwa sana. Anayechimba usiku hulipwa kidogo, na akishikwa ni yeye anayelala ndani. Mafuta yanaishia kwenye kichupa kizuri, mbali na hapa, kilichoandikwa kwamba hakidhuru.

Juzi kijana mmoja sokoni Voi aliniambia, "Mama, hii ni ya asili kabisa, haina kemikali." Nikamuuliza, "Sawa mwanangu, harufu yake ni ya mti gani, na mti huo ulikuwa wapi?" Alicheka, akageuza chupa, akasoma, akanyamaza.

Siku hizi natumia shabu, na siku nyingine mafuta ya nazi yaliyochanganywa na wanga na soda ya kuokea kidogo, kwa sababu ikizidi inachoma ngozi. Magadi siyagusi, hayo ni makali zaidi. Jasho linatoka, hasa tukifika Voi mchana. Naoga, nabadilisha blauzi, naendelea na shughuli zangu.