Padri Michał Heller na Swali la "Kabla"

Kila mwaka, tukifika kwenye fundisho la kuumbwa kwa dunia, hakosi mkatekumeni mmoja wa kuinua mkono na kuuliza: "Kabla ya kuumba mbingu na dunia, Mungu alikuwa akifanya nini?" Wenzake hucheka. Nami katika miaka yangu ya kwanza ya kufundisha nilimwambia mmoja anyamaze, tuendelee na somo. Leo najua kwamba nilikosa. Swali lile ni la zamani sana, na katika nyakati zetu padri mmoja wa Polonia alilifuata kwa njia ya hesabu karibu maisha yake yote. Inafaa wasomaji waijue habari yake.

Michał Heller alizaliwa tarehe 12 Machi 1936 katika mji wa Tarnów, kusini mwa Polonia. Baba yake alikuwa mhandisi katika kiwanda cha kemia. Wajerumani walipoingia Septemba 1939, baba huyo na wenzake waliharibu mitambo ya kiwanda ili isimfae adui, kisha jamaa yote ikakimbilia Lwów. Lakini mji huo ulikuwa umeangukia mikononi mwa Warusi. Mwaka 1940 serikali ya Stalin iliwatwaa pamoja na maelfu ya Wapolonia wengine, ikawapeleka uhamishoni Siberia. Mtoto alikuwa na miaka 4. Aliporudi kwao mwaka 1946 alikuwa na miaka 10.

Aliingia seminari ya Tarnów, akapadrishwa mwaka 1959. Wakati ule Polonia ilitawaliwa na Wakomunisti, nao walihubiri kwamba elimu na dini ni kama moto na maji: mtu akielimika, dini itamtoka yenyewe. Padri kijana hakuwajibu kwa kelele. Alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Lublin, na mwaka 1966 akapata udaktari kwa kuchunguza umbo na mwendo wa ulimwengu mzima. Kwa muda mrefu aliomba pasipoti, akanyimwa. Hatimaye mlango ulifunguka, na mwaka 1977 akafika Louvain huko Ubelgiji, chuo kikuu kile kile kilichoanzisha Lovanium ya Kinshasa mwaka 1954.

Huko Louvain alisoma kwa bidii maandiko ya padri mwingine, Georges Lemaître, aliyefariki mwaka 1966. Lemaître ndiye aliyeonyesha mwaka 1927, kwa kufuata hesabu za Einstein, kwamba ulimwengu unazidi kupanuka. Mwaka 1931 aliongeza kwamba kitu kinachopanuka leo kilikuwa kidogo zamani. Basi ulimwengu wote ulitoka katika kitu kimoja, kama atomu ya kwanza. Tena alidokeza jambo la ajabu: kwamba pale mwanzoni kabisa, huenda maneno "mahali" na "wakati" hayana maana. Uzi huo ndio Heller alioushika.

Shida ilikuwa hii. Elimu ya uvutano, aliyoitoa Einstein mwaka 1915, hueleza vizuri mwendo wa nyota na sayari. Elimu ya kwanta hueleza vizuri atomu na vitu vilivyo vidogo kuliko atomu. Kila moja imepimwa mara nyingi, ikasimama. Lakini tukirudi nyuma hadi mwanzo wa ulimwengu, tunahitaji zote mbili kwa pamoja, nazo hazipatani. Hesabu za Einstein zikiwa peke yake hufika kwenye nukta moja ambapo zinavunjika, hazitoi jibu tena.

Heller aliona kwamba huenda kosa liko katika hiyo nukta yenyewe. Ili tumfahamu, tuanze na hesabu ya shuleni. Tunajua kwamba 3 mara 4 ni sawa na 4 mara 3, zamu haidhuru. Lakini si kila jambo liko hivyo. Mkulima akilima kwanza halafu akapanda, atavuna. Akipanda kwanza halafu akalima, amezifukua mbegu zake mwenyewe. Mwaka 1925 Mjerumani Werner Heisenberg aligundua kwamba vitu vidogo sana hufuata hesabu za namna hii: ukizidisha mahali pa kitu kwa mwendo wake, jibu linategemea kipi kimetangulia. Baadaye Mfaransa Alain Connes alijenga jiometria nzima juu ya hesabu hizo, iitwayo jiometria nonkomutativa, yaani jiometria ambamo zamu hazibadilishani. Katika jiometria hiyo mara nyingi huwezi kuonyesha nukta moja na kusema "ni hapa." Kuna kizima tu.

Katika miaka ya 1990, Heller pamoja na Wiesław Sasin, mtaalamu wa hesabu wa Warszawa, walijaribu kuunganisha uvutano na kwanta kwa jiometria hiyo. Kadiri ya hesabu zao, katika tabaka la chini kabisa la ulimwengu hamna nukta wala dakika. Wakati tunaoujua sisi hutokea baadaye, kama joto linavyotokea katika chungu cha maji. Chembe moja ya maji peke yake haina joto wala baridi. Zikiwa nyingi pamoja, ndipo tunaposema maji ni ya moto. Basi kuuliza nini kilikuwa "kabla" katika tabaka lile ni kama kuuliza joto la chembe moja.

Tuseme kweli: hakuna kipimo kilichothibitisha hesabu hizo, na wataalamu wengine wamefuata njia nyingine. Heller aliitoa kazi yake kama jaribio, si kama fundisho la imani.

Je, ikiwa hakuna dakika ya kwanza, Muumba amefukuzwa? Hapa tunaona uzito wa swali. Mwaka 1951 Papa Pius XII, akiwahutubia wataalamu wa Chuo cha Kipapa cha Sayansi, alifurahi kwamba elimu mpya inashuhudia mwanzo wa ulimwengu. Padri Lemaître mwenyewe alikuwa na wasiwasi. Alijua kwamba elimu ya leo inaweza kusahihishwa kesho, na imani isifungwe kwenye kigingi kinachoweza kung'oka. Heller alishika njia hiyo hiyo. Hakutaka Mungu awekwe katika mapengo ya elimu yetu, maana kila pengo likizibwa, watu watadhani Mungu amepungua.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha zamani kwamba kuumba si kuusukuma ulimwengu siku ya kwanza na kuuacha. Ni kuupa kuwako, nao hutegemea kipaji hicho daima, kama mwanga wa nyumbani unavyotegemea taa. Mkomunisti aliyedhani kwamba kuondoa dakika ya kwanza ni kumwondoa Mungu hakuwa amefahamu neno "kuumba." Heller aliuliza swali la ndani zaidi: kwa nini ulimwengu unatii hesabu? Kwa nini kuna sheria, wala si fujo?

Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Templeton, pauni 820,000. Fedha hizo alizitoa kuanzisha huko Kraków kituo chenye jina la Copernicus, ili wataalamu wa sayansi, wa falsafa na wa dini wakutane. Mtoto wa Siberia hakujijengea nyumba.

Sasa tumrudie mkatekumeni wetu. Mtakatifu Augustino anasimulia kwamba watu wa zamani walikuwa na jibu la mzaha: kabla ya kuumba, Mungu alikuwa akiwatayarishia jehanamu wadadisi. Augustino alilikataa. Aliona ni afadhali kukiri kwamba hajui kuliko kumcheka aliyeuliza jambo kubwa. Kisha akajibu: wakati wenyewe ni kiumbe, pasipo ulimwengu hapakuwa na "kabla." Basi mwaka huu mkono ukiinuliwa, sitasema "nyamaza." Nitamwambia kijana huyo akae karibu, nimsimulie habari za padri aliyeliheshimu swali lake.