Beringi Iliyotoka kwenye Magari ya Farasi

Mwaka 1898 Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi wa St. Louis, Marekani, alipata hataza ya beringi yenye rola zilizochongoka kidogo upande mmoja, pamoja na mpwa wake Reginald Heinzelman. Rola hizo zilibeba uzito wa gari na pia msukumo wa ubavuni gari linapokata kona. Ni ufumbuzi mzuri mno, na ndio unaozungusha magurudumu ya trela nyingi za boti hadi leo.

Lakini gari la farasi halikuzamishwa majini.

Trela hufika ufukweni habu za magurudumu, zinamokaa beringi, zikiwa za moto. Zikitumbukizwa, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa, maji yakafyonzwa kupitia sili. Grisi hugeuka nyeupe kama maziwa, na rola huanza kuota vidoa vya kutu. Grisi ya lithiamu, iliyopatiwa hataza na Clarence Earle miaka ya 1940, ilileta nafuu kubwa kwa kuvumilia joto na maji kwa pamoja. Hata hivyo fundi makini bado hufungua habu, huosha rola kwa mafuta ya taa, huzikausha, kisha huisukumiza grisi mpya kwa kiganja mpaka ichomoze upande wa pili.