Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ni vikundi vya familia jirani za Wakatoliki zinazokutana majumbani, kwa kawaida mara moja kwa wiki, kusali na kutafakari Neno la Mungu. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya kipaumbele cha uchungaji katika miaka ya 1970. Wenzao wa Kongo walishaelekea huko tangu 1961.

Tafakari mara nyingi hufuata Injili ya Dominika ijayo. Njia mashuhuri ni ile ya hatua saba, iliyoandaliwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyogusa moyo, kukaa kimya, kushirikishana, kupanga kazi, na kusali. Ya sita ndiyo ngumu, na ndiyo hurukwa upesi giza likiingia. Hapo mfano wa Msamaria Mwema hutafutiwa anwani ya mtaani: mjane ambaye paa lake linavuja, mgonjwa asiyetembelewa, majirani wasiosemezana.

Kila jumuiya huwa na mtakatifu somo wake. Katika parokia nyingi za Tanzania, mzazi anayeomba mtoto abatizwe huulizwa kwanza anasali jumuiya gani.