Ubia: Neno Linalodai Hesabu

Mwambie mwenyeji wa Kitale kwamba serikali inataka kuimarisha usalama wa saiba, naye huenda akadhani ni habari ya makufuli na nondo za madirishani. Katika miji ya Kenya, saiba ni kiduka chenye kompyuta chache na printa moja, mahali pa kuingilia eCitizen, kuombea mkopo wa masomo wa HELB na kuchapishia barua ya kutafuta kazi. Neno hilo limekwisha kupata kazi yake, halikopeki mara ya pili. Ndiyo sababu tumebaki na usalama wa mtandao, ingawa mtandao nao una utata wake: kwa mkulima aliye mlimani akitafuta mawasiliano, mtandao ni kile kinachopotea mvua ikinyesha. Hayo tuyaache, msomaji huyatatua mwenyewe. Tatizo liko mbele zaidi, katika istilahi ndefu inayorudiwa kwenye mikutano na mipango ya maendeleo: kuzijengea nchi zinazoendelea uwezo wa usalama wa mtandao kwa njia ya ubia kati ya sekta ya umma na sekta ya kibinafsi. Mzigo wote wa istilahi hii umebebwa na neno moja, ubia.

Ubia ni neno la biashara. Wawili wakifungua duka kwa ubia, mmoja akatoa fedha na mwenziwe akatoa chumba na muda wake, kila mmoja anajua fungu lake siku ya kugawana faida. Duka likiungua, hakuna awezaye kusema moto ule ulikuwa wa mwenziwe. Ushirikiano hauna sharti hilo. Watu hushirikiana kuchimba kaburi au kuvusha gari lililokwama matopeni, kisha kila mtu akarudi kwake na mfuko wake uleule. Tanzania iliingiza ubia katika sheria yake ya mwaka 2010, Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi. Kenya ilitunga sheria ya jambo hilohilo mwaka 2013, ikaibadilisha kwa nyingine mwaka 2021, zote kwa Kiingereza, na wanahabari wetu wanapozitaja mara nyingi husema ushirikiano. Ni rahisi kuwalaumu kwa uvivu wa kutafsiri. Nitadai kwamba, katika usalama wa mtandao, wamesema kweli bila kukusudia.

Tutazame sheria ya Kenya ya usalama wa mtandao yenyewe. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 iliunda kamati ya kitaifa ya kuratibu shughuli hizi. Mwenyekiti wake ni katibu wa wizara anayesimamia usalama wa ndani. Pamoja naye wanaketi mkuu wa majeshi, inspekta jenerali wa polisi, mkuu wa ujasusi, mkurugenzi wa mashtaka ya umma, mwanasheria mkuu, gavana wa Benki Kuu na mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano. Benki za biashara hazina kiti pale, wala kampuni za simu, wala vyuo. (Neno usalama kwetu Kenya humtangulizia mtu sura ya askari, na orodha hiyo haisaidii kuifuta.) Kifungu cha 12 kinaruhusu kampuni ya kibinafsi kuingia katika mkataba wa kupeana taarifa na taasisi ya umma kuhusu miundombinu muhimu ya habari. Kifungu cha 40 kinamtaka anayeendesha mfumo wa kompyuta aiarifu kamati ndani ya saa 24 mfumo wake ukishambuliwa. Hizi ni hatua za maana, kwani wezi wa mtandao hunufaika na aibu ya benki zinazoficha hasara zao. Hata hivyo, kinachopita katikati ya pande hizo mbili ni taarifa tu. Ni mmoja kumwonya jirani kwamba mwizi kapita huku.

Faida, kwa upande mwingine, ina ubia uliokomaa. Kwa miaka mingi baada ya hisa za kampuni ya simu ya Safaricom kuuzwa kwa umma mwaka 2008, serikali ilibaki na asilimia 35 ya kampuni hiyo, ikapokea gawio lake kama mbia yeyote. Hasara haikuwahi kugawanywa hivyo. Mwishoni mwa Julai 2023, kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuishambulia eCitizen, lango linalobeba maelfu ya huduma za serikali. Lango likayumba, M-Pesa, huduma ya pesa ya Safaricom, nayo ikasumbua, na watu wakashindwa kununua umeme wa tokeni na tiketi za treni. Serikali ikasema hakuna data iliyopotea. Huenda ni kweli, lakini siku za kazi zilizopotea hazikuwa na mahali pa kuandikwa. Mashambani ni vivyo hivyo. Trans Nzoia na Bungoma ni nchi ya mahindi, na tangu mwaka 2023 mkulima aliyesajiliwa hupokea kwa simu ujumbe wa vocha ya mbolea ya ruzuku. Ujumbe huo ni wa serikali, umepitia mitambo ya kampuni ya kibinafsi, ukamfikia mtu aliyezoea pia ujumbe wa matapeli. Akituma pesa kwa namba ya uongo msimu wa kupanda, mwenye mbolea hakupungukiwa, mwenye mitambo hakupungukiwa. Katika duka letu la mfano, huyu ndiye aliyeunguliwa, naye hakuwahi kuitwa mbia.

Hapo ndipo neno la pili, uwezo, linapojitokeza. Kwa Kiswahili mwenye uwezo ni mwenye kuweza, na pia ni mwenye mali; wasio na uwezo ni maskini. Nasi tumezoea kusema watu wanajengewa uwezo, kitenzi kinachomkalisha mlengwa kwenye kiti huku fundi akija na matofali yake kutoka mbali. Mfano ulio karibu ni Cyber Shujaa, mradi wa kufundisha vijana wa Kenya kazi ya usalama wa mtandao, unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha USIU-Africa, kampuni ya Serianu na Chama cha Mabenki Kenya. Ni kazi njema. Lakini hesabu pande zake: chuo ni cha kibinafsi, kampuni ni ya kibinafsi, mabenki ni ya kibiashara, na serikali iliyotia fedha ni ya Uholanzi. Sekta ya umma ya Kenya haimo katika orodha hiyo. Wakati huohuo Kitale ina chuo cha ufundi cha kitaifa, na Bungoma ina Chuo Kikuu cha Kibabii, vyote vya umma. Mijini humo pia wapo mawakala wa M-Pesa, ambao husikia hila mpya kinywani mwa aliyetapeliwa kabla haijafika kwenye ripoti yoyote Nairobi. Mbia huja na kitu mkononi. Wakala na mwanafunzi wa Kibabii wana kitu hicho, ila hakuna meza ya kukiweka.

Mtu atapinga kwamba ubia ni neno la mikataba ya barabara na bandari, ambako mwekezaji hurudisha fedha zake kwa kutoza ada, na kwamba usalama hauwekewi kizuizi cha malipo. Kweli, ila hilo ni umbo moja la ubia lililokuzwa na sheria za miundombinu. Neno lenyewe ni kongwe kuliko barabara ya kulipia. Pingamizi zito zaidi ni hili: aliyempa tapeli namba yake ya siri amejiponza, na kuilazimisha kampuni imlipe ni kualika uzembe. Uingereza ilikutana na hoja hiyohiyo. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, mteja wa benki aliyedanganywa akatuma fedha mwenyewe hurudishiwa, hadi pauni 85,000, na gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na iliyopokea. Mzembe wa kupindukia hana haki hiyo, na benki inaweza kumkata mteja pauni 100 za kwanza. Kenya si Uingereza, na wakala wa Webuye hawezi kubeba mzigo wa benki ya London. Kinachohamishika ni kanuni: hasara ikiwa na mafungu, kila mwenye fungu hutafuta njia ya kuipunguza, na mafunzo ya usalama huacha kuwa hisani.

Kwa hiyo, atakayepewa kazi ya kuitia sheria ya 2018 katika Kiswahili ana uamuzi mwepesi kwenye kifungu cha 12. Aandike ushirikiano, maana ndicho kilichomo. Ubia autunzie kifungu ambacho bado hakijatungwa, kile kitakachotaja mkulima wa Kimilili aliyetapeliwa alipwe na nani, na kwa mafungu gani.