Korongo la Nyuma ya Shule

Mwaka wangu wa pili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam niliandika insha ya kurasa kumi na mbili kuhusu mmomonyoko wa udongo kwetu Singida. Nilieleza kwamba Wanyaturu tunafuga ng'ombe wengi kwa ajili ya heshima, kwamba ng'ombe hao humaliza majani, kwamba ardhi ikibaki uchi mvua huikata, na kwamba ndiyo sababu ya korongo lililo nyuma ya shule ya msingi niliyosoma. Nilipata A. Likizo nilipokwenda nyumbani, bibi aliomba nimsomee nilichoandika kuhusu kijiji. Nikamgeuzia kwa Kinyaturu, aya moja moja. Alisikiliza hadi mwisho huku akichambua kunde, kisha akauliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, hilo korongo lilikuwepo kabla hawajatupanga mistari?"

Sikuwa na jibu. Katika kurasa zote kumi na mbili, Operesheni Vijiji haikutajwa hata mara moja.

Nilikuwa naijua, bila shaka. Kila aliyesoma historia ya sekondari anajua kwamba Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini. Lakini niliijua kama mada ya siasa. Udongo ulikuwa mada nyingine, yenye vitabu vyake na walimu wake.

Kwa bibi mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja. Kabla ya operesheni waliishi kila kaya mahali pake: tembe, zizi ubavuni, na shamba la uwele na mtama likianzia pale zizi linapoishia. Samadi ilibebwa hatua chache tu. Mwanaanthropolojia Mmarekani Harold Schneider, aliyeishi na Wanyaturu mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapa kitabu juu ya uchumi wao mwaka 1970, aliliona hilo vizuri: ng'ombe wetu walikuwa sehemu ya kilimo, kwa kuwa bila samadi shamba halizai. Mimi nilikuwa nimeandika "heshima". Kitabu cha Schneider kilikuwa maktaba, na sikukifungua.

Walipohamishwa, nyumba zilipangwa mistari kando ya barabara. Mashamba ya zamani yakawa mbali, samadi ikarundikana kijijini, na vishamba vya karibu vikalimwa mwaka baada ya mwaka mpaka vikachoka. Kuni zilikatwa zote za upande mmoja. Ng'ombe wa kijiji kizima walipita njia moja kwenda majini, asubuhi na jioni. Njia ikawa mfereji. Mfereji ukawa korongo.

Likizo hiyohiyo, kwenye sanduku la baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, nilikuta riwaya isiyo na jalada la mbele: *Njozi Iliyopotea* ya C. G. Mung'ong'o, iliyochapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Niliisoma kwa siku mbili. Inahusu kijiji cha ujamaa na namna ndoto yenyewe inavyoharibikia mikononi mwa watu. Baba alikuwa amepigia mistari kwa penseli karibu kila ukurasa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye kitabu kingine chochote.

Nilirudi chuoni nikiwa na aibu ya aina fulani, nikaanza kutafuta upya. Maktaba nikakutana na tasnifu ya uzamivu ya mwaka 1995, ya Chuo Kikuu cha Stockholm, kuhusu michakato ya kijamii na ikolojia katika vilima vya Kondoa Irangi. Mwandishi: Claude G. Mung'ong'o. Nilidhani majina yamegongana. Hayakugongana. Mtu aliyeandika *Mirathi ya Hatari* mwaka 1977, kisha *Njozi Iliyopotea*, ndiye aliyekuja kuwa mwanasosholojia wa mazingira kwenye Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali, ile tuliyozoea kuiita IRA, palepale Mlimani. Nilikuwa napita mbele ya jengo lao nikienda kula.

Sijawahi kukutana naye, wala sitaki kujifanya ninayajua maisha yake. Ninachoweza kusema ni jinsi kazi zake zinavyosomeka zikiwekwa pamoja. Watu wa fasihi wanamtaja kama mwandishi aliyehamia kwenye utafiti, kana kwamba aliacha jambo moja akashika lingine. Mimi naona swali moja. Riwaya iliuliza kijiji kilipangwa na nani na nani alilipa gharama. Tasnifu inauliza hivyohivyo, ila safari hii anayechunguzwa ni mlima.

Na mlima wenyewe ulikuwa jirani yetu. Kondoa inapakana na Singida, na kwa muda mrefu ilikuwa mfano wa kila semina ya mmomonyoko nchini. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Walichimba matuta, wakapanda miti, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi, zaidi ya kilomita za mraba 1,250. Majani yalirudi. Hilo ni kweli na halina haja ya kubezwa, kwa maana sehemu zilizokuwa udongo mwekundu mtupu zilifunikwa katika miaka michache. Ila ukiuliza "majani yamerudi?" utapata jibu moja, na ukiuliza "nani alikuwa na ng'ombe, akawapeleka wapi, na nani hakuwa na pa kuwapeleka?" utapata jingine. Ufugaji wa ndani uliruhusiwa huko mwaka 1989 tu. Miaka kumi ni mingi kwa kaya inayoishi kwa maziwa.

Swali hilo la pili ndilo kazi ya sosholojia ya mazingira, taaluma ambayo bado haijapata jina tamu la Kiswahili. Watafiti wa Dar es Salaam na Stockholm walilifanyia kazi pamoja kwa miaka mingi katika maeneo makavu ya katikati ya nchi. Idris Kikula, ambaye baadaye alikuwa makamu mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dodoma, alichapa mwaka 1997 kitabu kizima juu ya athari za kuhamia vijijini kwa mazingira. Kabla yake, mwaka 1977, Helge Kjekshus alikuwa tayari ameonya kwamba sera hiyo ilipuuza maarifa yaliyowafanya watu waishi wametawanyika. Mwaka 1977! Nyumba za mistari za kwetu zilikuwa bado zinanukia udongo mbichi. Mung'ong'o naye aliendelea na watu wanaohamishwa na wanaohama: mwaka 2003 alitoa na Davis Mwamfupe utafiti juu ya Wamaasai waliohamia Morogoro na Kilosa, na namna walivyokuwa wakibadili njia za kujipatia riziki.

Singida yenyewe ina kisa kinachoelekea upande mwingine, na nilishangaa kwamba sikuwahi kufundishwa. Mashariki ya wilaya, kuelekea Kondoa, kuna msitu wa miombo wa Mgori, zaidi ya hekta 40,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpango ulikuwa kuufanya hifadhi ya serikali. Watu wa vijiji vinavyouzunguka waliposikia hivyo walifanya kile ambacho watu hufanya wakijua kitu kinachukuliwa: wakaharakisha kuvuna. Mnamo 1995, kwa ushauri wa mtaalamu wa milki ya ardhi Liz Alden Wily, mpango ukageuzwa. Vijiji vitano, Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga, vikagawiwa kila kimoja sehemu yake ya kuisimamia, kikaandika sheria ndogo zake na kuteua vijana wake wa doria, ambao hawakuwa na mshahara. Wakataji wa mbao kutoka nje walianza kukamatwa na watu wenye panga na filimbi. Mgori, pamoja na Duru-Haitemba kule Babati, ilisaidia kufungua njia ya Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002, zinazotambua msitu wa kijiji.

Sisemi kwamba Mgori ilikuwa pepo. Doria bila malipo huchosha, na kamati za vijiji zina wajanja wake. Hilo msomaji wa *Njozi Iliyopotea* hahitaji kuambiwa. Lakini watu walewale, ng'ombe walewale, mvua ileile. Kilichobadilika ni nani aliyeamua.

Niliandika upya insha yangu, safari hii nikianzia na swali la bibi. Haikuwa na alama kwa sababu sikuipeleka kwa mtu. Muhula ulikuwa umekwisha. Niliichapa nakala moja na kwenda nayo nyumbani Desemba.

Bibi hakutaka nisome kwanza. Alichukua fimbo yake tukaenda korongoni. Alitembea ukingoni polepole, akinionyesha: hapa palikuwa na mlango wa nyumba ya kwanza ya mstari, hapa ndipo ng'ombe walipoteremkia, hapa mti uliokatwa mwaka ule wa kwanza kwa sababu kila mtu alihitaji nguzo na hakuna aliyejua ni wa nani. Mahali pengine hapakuwepo tena, palikuwa hewani, katikati ya korongo, naye alipaonyesha kwa fimbo hivyohivyo. Kila alipotaja sehemu alisimama akanitazama mkono.

"Umeandika?"

Nikamwambia nimeandika, ndipo akasogea hatua nyingine.