Nyota wa kachi: nani alikuwa mkubwa kuliko wote, na tunampima na nini?

Ni mabishano yasiyoisha. Wababa wanasema Hulk Hogan. Wale waliokuwa watoto karibu na mwaka wa 2000 wanasema Steve Austin ao The Rock. Vijana wa leo wanamtaja John Cena ao Roman Reigns. Kila mtu anamtetea yule aliyemuona akiwa mdogo, na hakuna anayekubali kushindwa.

Mabishano hayaishi juu watu wanachanganya mambo mawili. Kuko umaarufu: ni watu wangapi wanakujua. Na kuko uzito: ni kitu gani kisingekuwepo kama wewe usingezaliwa. Mtu anaweza kuwa na kimoja bila kingine. Tuwapitie hawa nyota kizazi kwa kizazi, halafu tuone.

Mkanda hautoshi kuwa kipimo

Wengi wanahesabu mikanda. John Cena anahesabiwa mikanda 17 ya ubingwa wa dunia, Ric Flair 16. Basi wanasema Cena amemaliza maneno.

Lakini katika mieleka hii ya kulipwa, tunayoiita kachi, wachezaji na wakubwa wa kampuni wanapatana mbele nani ataanguka. Maumivu ni ya kweli: Steve Austin aliumia shingo ulingoni mwaka wa 1997, na ile shingo ilichangia sana kumfanya aache kazi mwaka wa 2003. Matokeo ndiyo yanayopangwa. Kwa hiyo mkanda si kama kombe la mupira. Ni kama kazi mtu anayopewa: unaonyesha kwamba mkubwa wa kampuni anaamini huyu ndiye atakayejaza uwanja.

Tena nyakati hazifanani. Zamani bingwa alikaa na mkanda miaka mingi. Leo kuko kipindi cha televisheni kila juma, watu wanataka habari mpya, na mkanda unazunguka haraka. Mikanda 17 ya leo na mikanda 2 ya zamani haiwekwi kwenye mizani moja.

Kabla ya televisheni

Mwaka wa 1908, mjini Chicago, Mmarekani Frank Gotch alimshinda George Hackenschmidt, bingwa aliyezaliwa Estonia na kuheshimiwa sana Ulaya. Waliporudiana mwaka wa 1911, karibu watu 30,000 waliingia uwanjani. Hapakuwa na televisheni wala redio. Aliyekuwa mbali alingoja gazeti. Leo karibu hakuna anayemjua Gotch, lakini kwa wakati wake kupata watu 30,000 waliosafiri na kulipa kiingilio lilikuwa jambo kubwa kuliko mamilioni wanaobonyeza simu leo.

Mtu aliyechukiwa akawa tajiri

Baada ya vita ya pili ya dunia, televisheni ikaingia katika nyumba za Wamarekani. Aliyefaidika kwanza ni Gorgeous George. Alipaka nywele rangi ya dhahabu, akavaa kanzu za kung'aa, na mtumishi wake alinyunyiza manukato ulingoni kabla hajaingia. Alijisifu bila haya. Watu walimchukia, na ndiyo sababu walilipa: walitaka kumuona akipigwa.

Mwaka wa 1961, huko Las Vegas, kijana mmoja wa ngumi alikutana naye na kushika lile somo. Kijana huyo ni Muhammad Ali, wakati ule bado akiitwa Cassius Clay. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba ile tabia ya kujisifu mbele ya kamera aliitoa kwa Gorgeous George. Miaka 13 baadaye, tarehe 30 Oktoba 1974, Ali alikuwa Kinshasa, kwenye uwanja wa 20 Mai, mbele ya watu waliopiga kelele « Ali, boma ye! » Kumbe mbegu ndogo ya usiku ule ilitoka kwa mcheza kachi ambaye wengi wetu hatujawahi kusikia jina lake. Huo ndio uzito bila umaarufu.

Japani na Meksiko: nyota waliokuwa taifa

Tukibaki Marekani tu, tutakosa wakubwa wawili. Rikidozan alizaliwa Korea, lakini huko Japani alificha asili yake. Mwaka wa 1954, Japani ikiwa bado na kidonda cha kushindwa vita, alisimama ulingoni dhidi ya ndugu Sharpe, wazungu warefu. Televisheni zilikuwa chache, kwa hiyo watu walijaa barabarani kutazama zile zilizowekwa hadharani. Rikidozan alikufa Desemba 1963, siku chache baada ya kuchomwa kisu. Lakini wanafunzi wake wawili, Antonio Inoki na Giant Baba, walianzisha mwaka wa 1972 kampuni mbili zilizobeba kachi ya Japani kwa miaka mingi. Ukimtoa Rikidozan, hiyo nyumba yote inaanguka.

Meksiko walikuwa na El Santo, mwenye kinyago cha rangi ya feza. Alicheza filamu zaidi ya 50 na akawa shujaa wa vitabu vya picha. Alipokufa mwaka wa 1984, alizikwa na kinyago chake. Nje ya Meksiko wengi hawamjui. Ndani ya Meksiko, hata mtoto anakitambua kile kinyago.

Sammartino: kujaza ukumbi kila mwezi

Bruno Sammartino alizaliwa Italia mwaka wa 1935. Akiwa mtoto alijificha mlimani pamoja na mama yake na ndugu zake, wakati wanajeshi wa Ujerumani walikalia kijiji chao, baridi na njaa vikiwasumbua. Wakaaji wa majimbo yetu hawahitaji kuelezwa sana maana ya maisha hayo. Mwaka wa 1950 jamaa ilihamia Pittsburgh, Marekani, na yule mtoto dhaifu akajijenga kwa kunyanyua vyuma.

Tarehe 17 Mei 1963 alimshinda Buddy Rogers kwa sekunde 48, mjini New York. Alikaa bingwa hadi Januari 1971: siku 2,803. Baadaye akarudi tena kutoka 1973 hadi 1977. Madison Square Garden, ukumbi mkubwa wa New York, ilijaa mara nyingi juu yake, Waitalia na wahamiaji wengine wakimuona kama mtoto wa nyumbani. Hakuwa na filamu wala makelele. Watu walimwamini tu, na walirudi mwezi baada ya mwezi.

Hogan: kachi inatoka Marekani

Januari 1984, Hulk Hogan alimshinda Iron Sheik. Nyuma yake alikuwa Vince McMahon, aliyenunua kampuni ya baba yake mwaka wa 1982. Zamani kila promota alikuwa na eneo lake, na mwingine hakuingia. McMahon alivunja mipaka hiyo, na Hogan ndiye alikuwa nyundo yake.

WrestleMania ya kwanza ilifanyika Machi 1985. Miaka miwili baadaye Hogan alimnyanyua Mfaransa André the Giant katika uwanja wa Pontiac. Kampuni ilitangaza watazamaji 93,173. Wachunguzi wengine wanasema walikuwa karibu 78,000. Angalisho hilo ni muhimu: katika kachi, hesabu ya watu nayo ni sehemu ya mchezo. Lakini Februari 1988 waliporudiana kwenye televisheni, watazamaji milioni 33 waliwafuata Marekani. Hakuna pigano la kachi lililopita hapo kwenye televisheni ya Marekani.

Hogan alifariki Julai 2025. Hakuacha jina safi kwa kila mtu: mwaka wa 2015 maneno yake ya ubaguzi dhidi ya watu weusi yalijulikana, na WWE ikamtenga kwa miaka mitatu. Kwa Waafrika waliomshangilia wakiwa watoto, hiyo haikuwa habari ndogo.

Austin, The Rock, Cena

Kati ya 1996 na 1998, kampuni pinzani, WCW, iliishinda ile ya McMahon kwa majuma 83 mfululizo kwenye televisheni. Steve Austin ndiye aliyegeuza mambo: mfanyakazi anayempiga mkubwa wake. Nani hajawahi kuota jambo hilo? Mwaka wa 2001 McMahon alinunua WCW.

The Rock alikuwa pamoja naye, halafu akahamia sinema. Leo huenda ndiye anayejulikana kuliko mcheza kachi yeyote duniani, lakini sehemu kubwa ya umaarufu huo imetoka Hollywood. Hiyo usiitie kwenye mizani ya kachi.

John Cena alichukua mkanda wa kwanza mkubwa Aprili 2005 na kuaga Desemba 2025. Zaidi ya mikanda, alitimiza maombi zaidi ya 650 ya watoto wenye magonjwa mazito waliotaka kukutana naye. Hakuna kipimo cha televisheni kinachohesabu hilo.

Tusisahau tarehe 7 Aprili 2019. Usiku huo Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, alikuwa bingwa wa WWE, na kwa mara ya kwanza wanawake watatu walifunga WrestleMania kwa pigano kuu.

Basi, nani?

Ukiuliza nani alivuta watu kwa muda mrefu Marekani, jibu ni Sammartino. Ukiuliza nani aliibeba kachi hadi nchi nyingine, ni Hogan. Nani aliokoa kampuni, ni Austin. Nani alikuwa mkubwa zaidi ndani ya taifa lake, ni Rikidozan na El Santo. Na kama ni lazima kuchagua mmoja kwa umaarufu na uzito pamoja, Hogan anabaki mbele, juu bila yeye hatungekuwa na mabishano haya hapa kwetu. Kumheshimu kama mtu ni swali lingine.

Mwenye kanda ndiye mwenye historia

Angalia pia nani anasimulia. Karibu picha zote za zamani za Marekani ziko mikononi mwa WWE. Sammartino aligombana nao juu ya madawa ya kukuza misuli na maonyesho yasiyo na heshima, na kwa miaka mingi vijana hawakumsikia sana. Walipopatana mwaka wa 2013, ghafla akawa tena mkubwa. Yeye hakubadilika. Aliyebadilika ni mwenye kanda.

Hapo ndipo jambo hili linatugusa. Congo ina kachi yake, na fanfare zake na dawa zake ulingoni. Kinshasa watu wanajua majina kama Kelekele na Edingwe. Lakini mapigano mengi ya mitaa yetu hayakurekodiwa. Yamebaki kichwani mwa wazee, na mzee akienda, yanaenda naye. Kwa hiyo usiku wa leo, mabishano yakianza tena, usiulize tu Hogan ao Cena. Muulize mzee alimuona nani kwa macho yake, wapi, mwaka gani, na uandike.