Kifuniko cha Mlango wa Nyuma

Wateja wanaotoka Nairobi huniuliza swali moja: kwa nini kisanduku chenu ni kipana hivi, na ndani hakina kina? Wao wanataka pa kuweka shoka dogo, kamba ya kuvutia gari na jiko la gesi la kupikia chai porini. Huwa nawajibu kwamba mlango wenyewe ni mwembamba. Ni kweli, lakini si ukweli wote, na leo nataka kuusema uliobaki.

Kwanza nijieleze. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, karo ilipotushinda. Nikarudi nyumbani Kuresoi na begi moja na laptopu yenye skrini iliyopasuka. Tangu hapo naishi kwa kazi mbili. Usiku naandika makala za watu kwa malipo. Mchana nakata kadibodi kwa Fundi, mzee mmoja mwenye kibanda cha jua kali Molo, ambaye amekuwa akishika Land Rover kuukuu tangu kabla sijazaliwa. Kadibodi ndiyo ramani yetu. Naibandika ndani ya mlango wa nyuma wa gari, nafuata kila kona kwa penseli, kisha Fundi anahamisha umbo hilo kwenye bati la alumini.

Kama hujawahi kuufungua mlango huo, jua hivi. Nje una ngozi ya alumini, ndani una fremu ya chuma, na katikati kuna nafasi tupu. Kiwandani waliifunika nafasi hiyo kwa ubao, au waliiacha wazi tu. Ubao ukishalowa mara mia unaoza na kuanguka. Sisi tunaiziba kwa kifuniko chenye bawaba upande wa chini, kikifunguka kinalala kama meza ndogo, na nyuma yake panakuwa kisanduku.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilipatikana kwa mgao, kwa hivyo kampuni ya Rover ikalipa gari lake mwili wa alumini. Maurice Wilks, aliyekuwa mkuu wa wahandisi wake, alikuwa na shamba lake mwenyewe, na alilifikiria gari hilo kama punda wa mkulima. Mbele waliweka usukani na viti. Nyuma waliacha sanduku tupu, mwenye gari ataamua mwenyewe abebe nini.

Mwaka huohuo, kusini mwa hapa nilipo, watu wa Olenguruone walikuwa wakivutana na serikali ya mkoloni. Kuanzia 1941 serikali ilikuwa imewapa makazi pale familia za Wakikuyu, wengi wao wakiwa wametolewa nchi ya Wamaasai. Wao waliamini wamepewa ardhi hiyo iwe yao, fidia ya ile waliyopoteza Kiambu. Serikali iliwaona kama wapangaji tu, ikawatungia masharti ya jinsi ya kulima na nani atarithi. Wakakataa. Wakala kiapo cha umoja, wanaume, wanawake hata watoto, na wanahistoria kama Tabitha Kanogo wanakihesabu kiapo hicho miongoni mwa mizizi ya Mau Mau. Kufikia 1950 walikuwa wameshafukuzwa, wengi wakapelekwa Yatta.

Na kabla ya hao wote kulikuwa na Waogiek, ambao msitu wa Mau ni kwao. Hawakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Iliwachukua hadi tarehe 26 Mei 2017 kwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha, kuamua kwamba Kenya ilivunja haki zao kwa kuwafukuza msituni.

Kwa hivyo mtu akiniuliza historia ya Kuresoi ni nini, namwambia ni historia ya kuulizwa karatasi yako iko wapi.

Guka alikuja huku baada ya Uhuru. Alinunua hisa katika kampuni ya kununua ardhi, kama walivyofanya maelfu ya watu wa Bonde la Ufa, akaonyeshwa ekari zake na kupewa risiti. Gari alilinunua baadaye, likiwa limeshatumika: Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na miaka ya sabini kiwanda cha Leyland kule Thika kikawa kinaziunganisha hapahapa Kenya.

Mtu wa mjini hawezi kuelewa gari hilo lilikuwa nini kwetu. Mvua ikinyesha Keringet au Kiptagich barabara inageuka uji. Matatu ya kawaida ilikuwa inaishia kwa lami, halafu Land Rover inachukua watu. Ilibeba waru, majani chai, mitungi ya maziwa, mama wa kujifungua, na jeneza. Waliokosa nafasi ndani walipanda juu ya keria. Makanga alining'inia kwa mlango wa nyuma, mguu mmoja kwa bampa, na ndiye wa kwanza kula vumbi. Gari lenye mgongo bapa likikimbia huvuta hewa irudi nyuma yake, na vumbi huingia kwa kila upenyo wa mlango huo. Kumbuka hilo vumbi, nitalirudia.

Mwaka wa 1992 nyumba ya guka ilichomwa. Sikuwa nimezaliwa. Hii ni hadithi ya mama, na yeye huisimulia akiwa anamenya viazi, bila kuinua macho. Walikimbia na gari, blanketi na mbuzi mmoja. Risiti za shamba zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, zikabaki huko. Guka alipoenda baadaye kufuatilia hati ya shamba, akaambiwa alete risiti. Akasema zimechomeka. Akaambiwa tena alete risiti. Aliambiwa hivyo kwa miaka mingi.

Waliporudi, kitu cha kwanza alichotengeneza hakikuwa jikoni wala choo. Alikata debe la mafuta ya kupikia, akalinyoosha kwa nyundo, akalifunga ndani ya mlango wa nyuma wa Land Rover kwa vipande vya mpira wa tairi. Kikawa kifuniko. Nyuma yake aliweka bahasha: vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, na nakala ya kila barua aliyowahi kuandikia ofisi. Nyumba inaweza kuchomwa. Gari litaondoka na sisi.

Vurugu zilirudi upande wa Molo baada ya uchaguzi wa 1997. Zikarudi tena baada ya ule wa Desemba 2007, na hizo nazikumbuka mwenyewe kwa sababu nilikuwa mtoto wa shule. Nchi nzima, Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Mimi nakumbuka sauti moja tu: usiku, mama akigonga mlango wa nyuma kwa ngumi, pa pa, kuhakikisha kifuniko kimekaza, halafu akituambia tupande. Tulienda Nakuru. Tulikaa miezi. Bahasha ilifika salama, lakini guka alikuwa ameikunja mara mbili ili iingie kwenye lile debe, na maji yalikuwa yameingia. Pale kwenye mkunjo wino ulikuwa umefutika. Jina la dada yangu kwenye cheti cha kuzaliwa lilibaki nusu, na ilichukua safari nyingi kulirudisha.

Fundi ni Mkipsigis. Mwaka ule na yeye alipoteza boma lake, lilichomwa na watu wa upande wetu. Hatujawahi kukaa chini tukazungumza jambo hilo kama wanavyofanya kwenye semina za amani. Siku ya kwanza nilipoenda kumwomba kazi aliniuliza, "Wewe ni mjukuu wa yule mzee wa debe?" Nikasema ndiyo, mzee. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Lile debe lilikuwa na makosa matatu. Keti nikuonyeshe."

Kosa la kwanza, debe ni chuma. Chuma kikigusa alumini na maji yakiingia katikati, alumini inaliwa polepole, inageuka unga mweupe. Tangu siku hiyo kila tunapofunga boliti ya chuma tunaweka mpira na rangi kati yake na alumini. Kosa la pili, hakukuwa na pa kutokea maji. Maji ya mvua huingia mlangoni upende usipende, kwa hivyo tunatoboa matundu chini kabisa na kukiinua kisanduku kidogo juu yake. Pembeni tunazungusha mpira laini, na hapo ndipo lile vumbi la makanga linaposhindwa. Uzito nao tunauchunga. Mlango huu unaning'inia kwa bawaba za upande, ukiuongezea mzigo unalegea na kuanza kusugua sakafu, ndiyo maana hatutumii bati zito.

Kosa la tatu lilikuwa kipimo. Guka alikata debe kwa ukubwa wa debe. Fundi alitaka tuanze na kile kitakachowekwa ndani. Nikatoa karatasi kwenye begi langu, ya A4, milimita 210 kwa 297. Ilikuwa matokeo yangu ya mwaka wa pili chuoni, karatasi ya mwisho niliyopewa. Tuliilaza juu ya kadibodi, tukaongeza vidole viwili kila upande kwa ajili ya bahasha, tukachora. Kila kifuniko tulichotengeneza tangu hapo kinaanzia kwenye mstari huo.

Mei 2024 kulikuwa na tamasha la Land Rover Nakuru, na Oktoba Arusha wakafanya lao. Baada ya hapo simu ya Fundi haikupumzika. Watu waligundua kumbe gari la kubebea waru lina mashabiki. Wateja wapya wanataka kina zaidi, rafu za spana, na taa ndogo ndani. Mmoja alileta mchoro mzuri kuliko wangu, na pesa nzuri kuliko ninazopata kwa kuandika mwezi mzima. Kisanduku chake kilikuwa nusu ya upana wetu.

Nilimwambia mama tubadilishe kipimo. Watoto wa hapa wanasoma pamoja, tunauziana ng'ombe, chaguzi zimepita bila moshi. Na siku hizi mtu anapiga picha cheti chake kwa simu. Mama akaniuliza, "Na simu ikizima?" Nikaenda kumwuliza Fundi, nikidhani yeye atakuwa upande wangu wa biashara. Alikuwa anapiga riveti, hakuacha. "Mpe mteja anachotaka," alisema. "Lakini yangu usiiguse."

Basi ndivyo tunavyofanya. Wa rafu anapata rafu. Mtu wa Kuresoi, Olenguruone au Mau Summit akija na gari lake, hatumuulizi anataka kipimo gani, iwe ni jirani wa guka au jirani wa Fundi, na yeye pia hatuulizi. Analaza kiganja ndani ya kisanduku, anapima kwa jicho, anaitikia kwa kichwa.

Juzi nilimfungia kijana wa rika langu, mwenye gari la kurithi. Nilipomaliza alifungua kifuniko, akakifunga, akarudia. Kisha akapiga mlango kwa ngumi, pa pa, kuhakikisha kimekaza. Sijui nani alimfundisha. Sikumuuliza.